Gambia: ifuate chumvi, uache mpaka

Kwenye ramani Gambia ni ulimi mwembamba ulioingia ndani ya Senegal kwa zaidi ya kilomita 300, na upana wake hauzidi 50. Husimuliwa kwamba manowari ya Waingereza ilipanda mto ikipiga mizinga kushoto na kulia, mpaka ukawekwa pale makombora yalipoangukia. Si kweli. Uingereza na Ufaransa ziliukata mpaka huo mezani mwaka 1889, takriban kilomita 10 kila upande wa mto. Wamandinka, Wafula, Wawolof, Wajola na Waserahule wakajikuta na ndugu ng'ambo zote mbili.

Mpaka unaotawala maisha ya kila siku hauonekani kwenye ramani hiyo. Ni pale maji ya chumvi yanapokutana na maji matamu.

Mto Gambia unaanzia nyanda za juu za Fouta Djallon, Guinea, lakini ukishaingia Gambia unalala tambarare mno, hivyo bahari ikijaa, maji hupanda mbali sana bara. Mvua za Juni hadi Oktoba huupa mto nguvu ya kuisukuma chumvi kuelekea Banjul, mdomoni mwa mto. Kiangazi mto hunywea, chumvi ikapanda zaidi ya kilomita 200. Kwa hiyo sehemu ya chini ina mikoko, na chaza walioshika mizizi yake huvunwa na wanawake. Juu, kuelekea Janjanbureh, kuna matete na viboko, wale wale wanaoingia usiku kula mpunga.

Wanawake wanaolima mpunga sehemu ya chini hawapandi mvua ya kwanza inaponyesha. Husubiri mpaka ardhi isafike chumvi. Mvua zikichelewa, miche huungua. Kujenga tuta la kuzuia bahari kunasaidia, ila kuna hatari yake: udongo wa mikoko una salfa, na ukiachwa ukauke kabisa hugeuka tindikali, shamba likafa kwa miaka.

Chumvi iliamua hata siasa za zamani. Ngome iliyoanzwa mwaka 1651 na watu wa Courland, dola ndogo iliyokuwa katika Latvia ya leo, kisha ikachukuliwa na Waingereza mwaka 1661, ilijengwa kwenye kisiwa kinachoitwa leo Kunta Kinteh. Kisiwa hicho hakina maji ya kunywa. Pamoja na mizinga yao yote, wafanyabiashara wa watumwa walitegemea maji na kuni kutoka bara, na watawala wa Niumi, ufalme wa ukingoni hapo, walijua hivyo wakawatoza ushuru.

Huko juu, bahari ikijaa kina cha mto kinapanda ingawa maji yenyewe ni matamu. Mradi wa mpunga wa Jahaly-Pacharr, miaka ya 1980, ulitumia nguvu hiyo kwenye sehemu ya mashamba yake: fungua mlango wa mfereji maji yakipanda, funga yakishuka. Uhandisi ulikuwa mzuri. Kosa lilikuwa kwenye umiliki. Kwa Wamandinka, shamba la *maruo* ni la kaya nzima; la *kamanyango* ni la mtu binafsi, na mavuno ni yake. Vinamasi vingi vilikuwa kamanyango za wanawake. Mradi ulipofika, vikahesabiwa kuwa maruo: kazi ikabaki kwa wanawake, sasa misimu miwili kwa mwaka, mpunga ukaangukia mikononi mwa wakuu wa kaya. Wengi waligoma, wengine wakadai walipwe ujira.