Kichina nilichoshindwa kutafsiri

Jumapili, Ujiji. Umeme ulikatika kabla ya isha, laptopu ikiwa na nusu chaji. Nikaiweka juu ya kigoda barazani, nikamwekea baba mkubwa filamu ambayo miaka miwili iliyopita niliiacha njiani: The Maltese Falcon. Siyo ile ya 1941 ya John Huston inayotajwa na kila mtu. Hii ni ya 1931, ya Roy Del Ruth, kutoka riwaya ileile ya Dashiell Hammett. Kaka mtu kamezwa na mdogo wake.

Kilichonikera mara ya kwanza ni tabasamu. Humphrey Bogart, aliyemwigiza mpelelezi Sam Spade mwaka 1941, ana uso wa mtu aliyekosa usingizi wiki nzima. Ricardo Cortez, Spade wa hii ya 1931, anachekacheka kama muuza vitenge aliyeona mteja mgeni. Anamtongoza kila mwanamke anayeingia ofisini. Studio ilipotaka kuirudisha kwenye majumba ya sinema mwaka 1936, ilinyimwa kibali kwa utovu wa adabu, na ukiona Spade anavyomsachi yule dada aliyekuja kama mteja wake kutafuta noti ya dola 1,000, hushangai.

Baba mkubwa Kiingereza hakimpandi, kwa hiyo nilikuwa natafsiri. Mwenzake Spade wa kazi kauawa usiku. Spade anatoka pale, anamkuta Mchina mmoja, wanaongea Kichina kidogo, anaondoka. Nikanyamaza.

"Mbona hapa hutafsiri?"

"Kichina hicho, baba. Hata mimi sijui."

"Lakini yeye amejua."

Nikaona mzee ananisumbua, nikainuka kufuata karanga.

Mwishoni kabisa (filamu ina miaka zaidi ya 90, msinilaumu kwa kuwamalizia utamu) inafichuka kwamba yule Mchina aliona mauaji, na alishamwambia Spade kwamba muuaji ni yule dada. Kwa hiyo mabusu yote yale, utani wote ule, jamaa alikuwa anajua! Filamu ya 1941 haina kipande hicho. Nikarudisha nyuma kidogo kulitazama tena lile tabasamu, na safari hii lilinitisha. Chaji ikaisha hapo hapo.

Tukabaki gizani na mbu. Akapita jirani anatoka Kibirizi na ndoo yake, wakaanza Kiha na baba mkubwa, maneno marefu, kicheko, halafu wote wawili wakanigeukia. Kiha changu kinaishia kwenye salamu ya mwakeye.

"Anasemaje?"

"Anakusalimia tu."