Nilikuwa dirishani

Jana jioni kwenye feri ya Likoni nilimwona dada tuliyefanya naye kazi zamani, mfuko wa mboga mkononi. Tukasalimiana, tukaulizana watoto. Habari za kazi hakuzigusa, nami nikaziacha. Lakini usiku usingizi haukuja.

Tulikuwa ofisi moja ya wakala wa mizigo, Shimanzi, miaka sita meza zikitazamana. Novemba 2021 aliyekuwa waziri wa afya wa Kenya, Mutahi Kagwe, alitangaza kwamba kuanzia 21 Desemba asiyechanjwa korona hatahudumiwa ana kwa ana katika ofisi za serikali. Sisi tulioshinda kwenye madirisha ya forodha tulishtuka. Mwajiri wetu hata hakuingoja hiyo tarehe. Notisi ikabandikwa ukutani: Jumatatu, asiye na cheti cha chanjo asipite getini.

Mimi nilikuwa nimeshachanjwa mara mbili, na sijuti. Korona ilimchukua mjomba wangu, tukamzika watu wachache, hata hitima haikusomwa. Kwa hiyo sisemi haya kwa kuichukia chanjo. Wala dada huyu hakuichukia. Miaka ya nyuma sindano ilimvimbisha uso mpaka akalazwa, naye akataka amwone daktari kwanza. Aliomba wiki mbili.

Jumatatu soja akamzuia. Siku ya tatu akaletewa barua ya kufutwa. Hakuitwa, hakuulizwa neno.

Tarehe 14 Desemba Jaji Antony Mrima wa Mahakama Kuu akalisimamisha agizo la serikali kwa muda. Ofisini wengine walifurahi, wengine wakanuna, kana kwamba kesi ni ya sindano. Yeye hakupata kitu. Amri ile ilihusu tangazo la waziri, si barua ya mwajiri wake; ya kwake ingebidi aifungulie kesi Mahakama ya Ajira. "Wakili nitamlipa na nini, mdogo wangu?" aliniambia kwenye simu.

Mwezi uliofuata nikasikia habari za Marekani. Tarehe 13 Januari 2022 Mahakama ya Juu ya huko ilisimamisha kanuni iliyowataka waajiri wa watu 100 na zaidi wahakikishe wafanyakazi wamechanjwa au wanapimwa kila wiki. Majaji 6 kwa 3. Siku hiyohiyo, 5 kwa 4, wakaruhusu sharti la chanjo kwa wahudumu wa hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu. Chanjo ni ileile, majibu mawili! Nilisoma mara tatu ndipo nikaelewa: walichopima ni kama sheria ya bunge inaipa kila idara mamlaka ya kutoa amri ile.

Hapo ndipo nikaitafuta sheria yetu. Kwamba mwajiri ana wajibu wa kulinda afya ya walio kazini, hilo nalikubali, na pengine sharti lenyewe lingesimama mahakamani. Lakini kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinasema kabla ya kumfuta mtu kwa kosa la kikazi, mwajiri amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na amsikilize. Tena mfanyakazi ana haki ya kuketi hapo na mwenzake wa kazini, amchague mwenyewe.

Mwenzake. Angenichagua mimi, najua. Na ningeweza kumwendea meneja nikasema: dada huyu ana historia ya ugonjwa, mpeni hizo wiki mbili, kisha muiteni, nami nitaketi naye. Sikusema. Asubuhi ile nilikuwa dirishani, ghorofa ya kwanza. Nilimwona akipekua mkoba mbele ya soja, mara mbili, kama mtu anayetafuta kitu anachojua hakimo. Nikarudi mezani kwangu, nikafungua faili.

Sheria humpa mtu miaka mitatu ya kushtaki kwa mambo ya ajira. Imeshapita.

Jana tuliposhuka alinishika mkono akasema nimsalimie mama. Anakaa Mtongwe bado. Kesho baada ya kazi nitavuka niende kwake, nimwambie kwamba siku ile nilikuwa dirishani.