Kuvuka Mlima Kenya Wakati wa Vuli: Kumbukumbu ya Mradi Wangu

Lengo la mradi huu lilikuwa kuuvuka Mlima Kenya kwa miguu, kuanzia lango la Sirimon upande wa kaskazini-magharibi hadi Chogoria upande wa mashariki, kupitia kilele cha Lenana chenye mita 4,985, huku tukibeba wenyewe hema, chakula na vyombo vya kupikia. Tulikuwa wawili, mimi na rafiki yangu ambaye ni fundi cherehani wa Majengo hapa Mombasa, pamoja na mwongozaji mwenye kibali tuliyekutana naye Nanyuki. Likizo zetu hazikuweza kukutana ila mwishoni mwa Oktoba, wakati ambapo vuli huwa imeanza, ilhali wapandaji wengi huchagua Januari na Februari, au Agosti na Septemba. Kwa hiyo jambo lililotawala maandalizi yetu yote halikuwa urefu wa mlima, wala hata baridi yenyewe, bali namna ya kukaa wakavu siku kadhaa mfululizo. Naamini kwamba mtu wa pwani huiogopa baridi kupita kiasi na kuudharau unyevu, kwa sababu unyevu ameuzoea tangu kuzaliwa na haujapata kumdhuru.

Julai na Agosti: mazoezi

Mombasa haina mlima, lakini ina ngazi. Shemeji yangu anaishi katika jengo la ghorofa huko Tudor, na kwa idhini ya mlinzi nilikuwa nikipanda ngazi zake jioni nikiwa na jerikeni la maji ndani ya shanta, kisha nikifika juu nalimimina lile maji kwenye tangi la kufulia na kushuka mtupu ili kuyaokoa magoti. Siku nyingine tulitembea kwenye mchanga wa Nyali maji yakiwa yametoka, tukiwa na mizigo ileile.

Jaribio la kweli la vifaa tulilifanya Taita, kwenye kilele cha Vuria chenye mita 2,208, ambacho hufikiwa kwa kupitia Voi na Wundanyi. Milima ya Taita inainuka ghafla kutoka nyika kavu na kuuzuia upepo wenye unyevu unaotoka Bahari ya Hindi, ndiyo maana kileleni kuna msitu unaodondoka maji hata siku ambayo mvua hainyeshi. Vuria haiwezi kumfundisha mtu lolote kuhusu upungufu wa hewa, maana kwenye Lenana shinikizo la hewa ni kidogo tu zaidi ya nusu ya lile la Mombasa, na hilo halina mazoezi yake pwani. Lakini ukungu wa Vuria ulitosha kutuonyesha kwamba mishono ya makoti yetu ilikuwa ikipitisha maji mabegani, pale hasa mikanda ya shanta inapokandamiza.

Septemba: Kongowea na cherehani

Mpandaji mlima wa Mombasa ana bahati moja ambayo wa Nairobi hana: makoti mazito ya mitumba hufika soko la Kongowea pamoja na nguo nyingine, na hakuna anayeyataka. Muuzaji mmoja alinitazama nikilikagua koti lenye kofia ya manyoya, akaniuliza, "Yakhe, hili utalivaa wapi hapa Mombasa?" kisha akanipa kwa bei ya shati. Hata hivyo koti zito silo nililokuwa nikilitafuta zaidi. Nilitafuta sweta nyepesi za manyoya ya poliesta na fulana za ndani za sufu, kwa kuwa pamba hunywa maji na kuyashika, nayo maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa. Mtu aliyevaa fulana ya pamba iliyolowa kwenye upepo wa mita 4,000 amejifunga mwenyewe chombo cha kumpoza.

Kazi kubwa ilikuwa ya rafiki yangu. Alinunua nailoni ya turubai jepesi, akashona mifuko ya ndani ya shanta yenye mdomo mrefu unaokunjwa mara tatu na kufungwa kwa kibanio. Wapandaji wengi zamani walitumia mifuko ya plastiki ya takataka, lakini Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea mwaka 2017, na tangu Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja na kutupwa, zikiwemo chupa za maji, haziruhusiwi katika mbuga na hifadhi za taifa. Kwa vyovyote vile mfuko wa takataka huchanika mapema. Kutokana na kitambaa cha miavuli mikuukuu alishona vifuniko vya miguu vinavyoanzia kwenye kifundo hadi goti, vyenye kamba ya kupita chini ya kiatu, ili tope na theluji visiingie kwa juu.

Mishono ndiyo iliyotuchukulia muda. Sindano hutoboa kitambaa, na kila tundu ni mlango wa maji hata kitambaa kikiwa kizuri namna gani. Tulinunua silikoni ya mafundi wa vioo, tukaipunguza uzito kwa kiyeyusho cha rangi hadi ikawa kama uji mwepesi, tukaipaka kwa brashi ndogo juu ya kila mshono wa hema, kwa nje, tukaiacha ikauke usiku kucha. Kesho yake tulilisimamisha hema barazani na kulimwagia maji kwa mpira, huku mimi niko ndani na tochi nikitafuta tone. Nililipata moja, kwenye pembe ambako mishono mitatu inakutana, tukaipaka pembe hiyo tena.

Kuhusu chakula, kanuni yetu ilikuwa kutobeba kitu kinachohitaji kuchemka sana. Kwenye mita 4,200 maji huchemka kwenye nyuzi 86 hivi za selsiasi, kwa hiyo maharagwe hayaivi kabisa na wali huchukua gesi nyingi mno. Tambi zilikuwa jibu, kwa sababu ni nyembamba na hulainika upesi. Tulibeba pia tende, kashata za njugu na unga wa uji wa wimbi uliokwisha kuchanganywa na sukari na maziwa ya unga.

Oktoba: kutoka Sirimon hadi bonde la Mackinder

Tulipanda treni ya Madaraka pale Miritini, tukalala Nairobi ambako tulinunua mitungi midogo ya gesi, kisha matatu ikatufikisha Nanyuki, mji ulio kwenye mstari wa ikweta. Lango la Sirimon liko mita 2,650, na kambi ya kwanza, Old Moses, iko mita 3,300.

Mwongozaji wetu, ambaye kwa umri wake tulimwita Mzee, alitupa amri moja kabla hatujaanza kutembea: "Vijana, vueni koti moja. Anzeni mkiona baridi." Tulidhani anatania. Ukweli ni kwamba mtu anayepanda na mzigo hutoa jasho jingi, na koti la mvua, hata lile zuri, haliwezi kulitoa jasho hilo upesi kama linavyotoka mwilini, hivyo mtu hulowa kutoka ndani wakati mvua bado iko mbali. Nilikuwa nimetumia mwezi mzima kuziba mishono dhidi ya maji ya nje, na ni Mzee aliyeikamilisha hoja yangu kwa sentensi mbili.

Hali ya hewa ilifuata mpangilio wake. Alfajiri anga huwa safi. Jua likipanda, hewa ya mabondeni hupata joto na kupanda mitelemko, hupoa, na kufikia adhuhuri kilele kimefunikwa. Mvua ilitukuta mchana kabla hatujafika Old Moses na haikuacha hadi usiku.

Kutoka hapo wengi huenda moja kwa moja hadi kambi ya Shipton, karibu mita 4,200, ambayo ni kupandisha mahali pa kulala kwa mita 900 kwa siku moja, wakati ushauri wa kawaida wa madaktari ukishavuka mita 3,000 ni kutozidisha 500. Sisi tulivuka mito ya Ontulili na Liki, tukalala njiani kwenye mita 3,990. Naona usiku huo wa ziada ulitufaa kuliko dawa yoyote tuliyobeba. Maumivu ya kichwa yalikuwa madogo, na dalili ambazo Mzee alikuwa akituchunguza, yaani kukohoa huku mtu akihema hata akiwa ameketi, au kuyumba kama mlevi, hazikutokea. Zikitokea, tiba ni kushuka, hata iwe usiku wa manane, kwa sababu ya kwanza ni ishara ya mapafu kujaa maji na ya pili ya ubongo kuvimba.

Katika bonde la Mackinder kuna senesio kubwa, mimea inayosimama mirefu kumshinda mtu, ambayo haidondoshi majani yake makavu bali huyaacha yalizunguke shina na kulikinga dhidi ya baridi ya usiku. Niligusa ndani ya majani hayo baada ya mvua ya saa nyingi; safu ya nje ilikuwa chapachapa, ya ndani ilikuwa kavu. Rafiki yangu aliyakagua kwa muda mrefu kama anayekagua kazi ya fundi mwenzake.

Shipton na Lenana

Kambi ya Shipton iko chini ya kuta za Batian (mita 5,199) na Nelion (mita 5,188), vilele ambavyo havipandwi bila kamba na ujuzi wa miamba. Pimbi wamezoea watu kiasi cha kuingia hemani kutafuta kashata. Kibla huko ni karibu kaskazini halisi, kama ilivyo Mombasa, hivyo tuliswali tukiwa tumeipa Batian mgongo, na udhu wa maji ya barafu ulimfanya rafiki yangu atoe sauti ambayo sitaiandika hapa.

Usiku theluji ilianguka. Chupa za maji tulizilaza mdomo chini, kwa kuwa barafu huanzia juu ya maji, na mdomo ukiwa chini hubaki wazi. Nguo kavu za kulalia hatukuzivaa nje ya hema hata mara moja. Saa nane ya usiku tulivua nguo hizo zenye joto na kurudia zile za jana zilizolowa, soksi zangu zikiwa zimeganda hadi zinasimama zenyewe. Katika safari nzima hilo ndilo lililohitaji moyo zaidi, kwani kila kiungo kinakushawishi uvae zile kavu, na ukikubali huna tena cha kulalia usiku unaofuata.

Mpando hadi Lenana, kupitia ziwa dogo la Harris, ulikuwa wa hatua kumi na pumziko, hatua kumi na pumziko. Upepo ulitupiga usoni na chembe za theluji. Kileleni hatukuona chochote zaidi ya mita chache, hata Batian iliyo jirani. Mzee alitukumbusha habari za Kisoi Munyao, aliyepandisha bendera ya Kenya mlimani humu wakati wa uhuru mwaka 1963, kisha akatuhimiza tushuke kabla vidole havijafa ganzi.

Upande wa mashariki

Mitelemko ya mashariki hupokea mvua nyingi kuliko ya Sirimon kwa sababu imeukabili upepo unaotoka baharini kwetu. Tulisimamisha hema karibu na maziwa madogo ya Hall, kwenye mita 4,300 hivi, mahali palipo wazi juu ya genge refu linaloliangalia ziwa Michaelson. Ardhi ni mwamba, vigingi vya hema haviingii, kwa hiyo kila kamba tuliifunga kwenye jiwe na kulizungushia mawe mengine.

Mvua ya mawe ilianza alasiri, ikafuatiwa na radi. Fimbo za chuma tuliziweka mbali na hema, tukakaa juu ya shanta zetu tukiwa tumekunja miguu. Mawe ya barafu yalijaa pembeni mwa hema hadi ukuta wake ukaanza kutuegemea, ikabidi tuusukume kwa ndani kila baada ya muda. Nilimulika ile pembe yenye mishono mitatu. Ilikuwa kavu. Maji yaliingia kwingine kabisa, kupitia zipu ya mlango, ambayo upepo wa mashariki uliishikilia kwa saa kadhaa. Tuliyakausha kwa kitambaa na kuyakamua nje. Mifuko ya shanta haikupitisha kitu.

Kesho yake tuliteremka tukiwa juu ya bonde la Gorges, ambalo mto wake, Nithi, huishia Tana, na Tana huingia Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Njia yote hadi lango la Chogoria ilikuwa tope.

Novemba: hali ya vifaa

Hema lililolowa likikunjwa katika joto la Mombasa hupata kuvu ndani ya muda mfupi, kwa hiyo tulilianika juu ya dari kivulini, maana jua kali huidhoofisha nailoni. Vifuniko vya miguu vimechanika kwenye kamba ya chini ya kiatu na vitawekewa mkanda wa shanta kuukuu. Zipu ya mlango itashonewa ulimi wa kitambaa cha mwavuli upana wa kiganja, kwa nje, wenye vibanio vitatu. Sehemu inayofuata ya mradi ni Mlima Elgon, kilele cha Koitobos chenye mita 4,222, na ulimi huo wa zipu utajaribiwa kwanza Vuria.