Sikio la kushoto lilipozima ghafla

Niliamka asubuhi nikadhani nimelalia sikio vibaya. La kushoto lilikua limejaa, kama ukitoka kuogelea maji yakabaki ndani, nikalivuta vuta, nikapiga miayo, nikabana pua nikapuliza, wapi. Simu ikaita nikaiweka kushoto kama nilivyozoea miaka yote, kimya. Haloo, haloo, nikakata nikijua ni mtandao. Ikaita tena, safari hii nikaiweka kulia bila kufikiria, kumbe dada angu anaongea vizuri tu. Hapo ndo moyo ulinilipuka. Alafu kwenye ule ukimya wa kushoto nikaanza kusikia mlio, nziiiiii, mwembamba, haukatiki, na mpaka leo naandika hapa upo.

Nilipoenda kutibiwa mara ya kwanza niliambiwa ni nta, nikapewa matone na kuambiwa nirudi baada ya wiki. Nikatii, siku saba nzima naweka matone asubuhi na jioni. Hizo siku saba zinaniuma kuliko kitu kingine chochote kwenye hii habari, ndo maana nawaandikia.

Siku ya nane nikaenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Akatoa kile chuma chenye meno mawili kama uma, akakigonga kwenye kiwiko chake, akanisimamishia katikati ya paji la uso akauliza sauti naisikia upande gani. Nikasema kulia. Akanyamaza kidogo, alafu akanielewesha taratibu kwamba ingekua nta sauti ingevutwa upande ulioziba, sasa ikikimbilia sikio zima maana yake shida iko ndani, kwenye koklea, yaani kile kiungo cha ndani kinachopokea sauti, au kwenye neva inayoipeleka kwenye ubongo. Akanipeleka kwenye kipimo cha usikivu, kile cha kukaa kwenye kachumba na kubonyeza kitufe ukisikia mlio, na ule mstari wa kushoto kwenye karatasi ulikua umeporomoka hadi chini.

Madaktari wanahesabu hivi: usikivu ukishuka kwa desibeli 30 (desibeli ndo kipimo cha ukubwa wa sauti) au zaidi ndani ya siku 3, hiyo ni dharura. Mara nyingi inakua sikio moja tu na sababu haijulikani, wanakufanyia MRI, ile picha ya ndani ya kichwa, kuhakikisha hakuna uvimbe kwenye neva. Dawa ni steroidi, vidonge vya prednisolone au sindano inayopita kwenye ngoma ya sikio, na zinasaidia zaidi ukianza ndani ya wiki 2 za mwanzo. Kuna wanaorudi wenyewe bila dawa, kweli wapo, ila we hujui utakua nani. Kwahiyo sikio likizima ghafla usisubiri, nenda siku hiyohiyo na uombe upimwe usikivu, usikubali kuondoka na matone tu.

Mi nilirudishiwa nusu. Sauti nene zilirudi, nyembamba hazikurudi, yaani ukininong'oneza "shika" kushoto nasikia "ika". Zile seli zenye vinywele ndani ya koklea zikifa kwa binadamu hazioti tena.

Mlio nao nilipigana nao vibaya miezi ya kwanza, usiku ndo ulikua mkubwa kabisa, nakaa kitandani nausikiliza kama umepanda leo au umeshuka. Kilichonisaidia ni kuelewa kwamba ubongo umekosa sauti za upande ule ukaongeza nguvu ya kusikiliza mpaka unasikia kelele zake wenyewe, sio sikio linaendelea kuoza. Nikaacha kulala kwenye kimya, nawasha feni, au redio kwa chini sana, sio ya kuufunika mlio bali usiwe peke yake. Siku hizi inaweza kupita saa nzima nikiwa nimeusahau kabisa, alafu nikikumbuka kuuangalia, huo hapo.

Kitu ambacho sikuambiwa na mtu ni upande. Ubongo unajua sauti imetoka wapi kwa kulinganisha masikio mawili, ipi imefika kwanza, ipi ina nguvu zaidi. Ukiwa na moja sauti zote zinatoka palepale. Simu inaita ndani ya nyumba naizunguka vyumba vyote. Kuvuka barabara nageuza kichwa mara tatu nne. Kwenye mkusanyiko wa watu natafuta kiti cha pembeni kushoto ili wote wawe kulia kwangu, na nikirudi nimechoka kama nimebeba mizigo. Kuna watu wamenisalimia kwa upande wa kushoto nikapita, wakasema siku hizi anajisikia. Hilo liliniliza kweli, sasa nawaambia watu mapema, sikio hili halisikii vizuri, njoo huku.

Binti yangu ana miaka sita. Mwanzoni alikua akiita "mamaa!" nami nazunguka kama kipofu, naenda jikoni kumbe yuko uani, anakasirika, nami natamani kulia. Hakuna aliyemfundisha, juzi nikiwa nafua nikamsikia, "Mama, niko chumbani, karibu na dirisha." Nikaenda moja kwa moja.