Siku moja maishani mwangu: naenda kwa watoto kabla sonona (ugonjwa wa huzuni na kukata tamaa) haijawafikia (Mbeya)

Saa 11 na nusu alfajiri naamka, Julai Mbeya baridi haina mchezo, maji ya moto, chai, sweta mbili, natoka. Saa 12 na robo niko kwenye daladala Ilomba kwenda Uyole, nyuma ya malori ya kutoka Tunduma, tunasogea hatua kwa hatua. Uyole nadandia Noah ya njia ya Tukuyu mpaka shule ya kata ninayoenda leo.

Watu wakisikia nafanya kazi ya afya ya akili wanawaza wodi na sindano. Wengi ninaokaa nao mimi ni wazima kabisa, kidato cha pili, wanacheka na kupiga mpira, tunafundishana namna ya kushughulika na mawazo mabaya kabla hayajaota mizizi. Shirika la Afya Duniani linasema kijana 1 kati ya 7 wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Darasa langu lina watoto zaidi ya 70, piga hesabu mwenyewe.

Saa 2 asubuhi. Mstarini, salamu kwa mkuu wa shule, nasaini kitabu cha wageni.

Saa 3. Kipindi changu ndo hiki, kiko kwenye ratiba tangu muhula uanze. Nakuta mwalimu wa hesabu yuko ubaoni. Naenda kwa mwalimu wa taaluma, shikamoo mwalimu, marahaba dada, kaa kwanza. Nikakaa. Akasahihisha madaftari, akapokea simu, akamtuma mwanafunzi chaki, ndo akaniambia dada yangu leo haiwezekani, hawa Novemba wana mtihani wa taifa na hesabu wako nyuma, njoo wiki ijayo. Wiki iliyopita pia niliambiwa wiki ijayo. Nikamwambia mwalimu, hivi vipindi vinafuatana, tukiruka kimoja kinachofuata hakishiki. Akafikiri, akasema basi saa 8 nakukusanyia shule nzima hapo uwanjani uwape hamasa nusu saa, si ndo kazi yenu?

Hapo ndo pagumu pa hii kazi. Kila shule inataka hamasa. Watoto mia nne juani, unapiga kelele msikate tamaa, wanapiga makofi, wanarudi darasani, na yule mwenye shida amesimama mstari wa nyuma hajasikia chochote kinachomhusu. Nikakataa kwa adabu. Akaniuliza, kwani hiki mnachofanya kinasaidia kweli? Swali la haki kabisa hilo na nilimjibu ukweli, kwamba siyo kila kitu kinachopelekwa shuleni kinasaidia. Uingereza walifundisha watoto kutuliza akili kwa kuelekeza mawazo kwenye kinachotokea sasa hivi (mindfulness), utafiti wa wanafunzi zaidi ya 8,000, matokeo yakatoka 2022, hawakuwa na nafuu kuliko waliofundishwa kama kawaida. Ukifundisha darasa zima faida inakuwa ndogo, inaonekana zaidi kwa wale walioanza kuonyesha dalili, ndo maana nataka darasa moja, watoto walewale, mtu yuleyule anayerudi kila wiki, awaone hao mapema.

Tumebishana mpaka kengele ya mapumziko. Aliyeniokoa ni mwalimu wa hesabu mwenyewe, kaingia kuchukua chai akasikia, akasema mwalimu mpe saa 8, mimi nitafidia jioni, kuna kijana wangu mmoja alikuwa haachi swali, sasa karibu mwezi daftari halileti, analala, ukimgusa anafoka, nilishaandika jina lake kwa utovu wa nidhamu. Nikamwambia mwalimu, kwa umri huu sonona inaweza kuja kwa hasira badala ya machozi, na zikipita wiki mbili hivyo usiiache.

Saa 8 darasani, makande yameshuka, wanasinzia. Zoezi la leo: umemsalimia rafiki asubuhi, kapita kimya. Umewaza nini, ukajisikiaje, ukafanya nini? Mmoja kasema ananidharau, mwingine labda kwao kuna msiba, na darasa zima likaona kwamba jambo ni lilelile ila wawili hawa siku zao zinaenda tofauti kabisa. Hapo huwa najisikia fahari sana jamani. Mwishoni wanaandika vikaratasi bila majina. Kimoja: nikifeli baba kasema nisirudi nyumbani.

Yule kijana nilimwita pembeni, chini ya mti ambapo tunaonekana lakini hatusikiki (nimebadilisha mambo madogo asijulikane). Nilimwambia mapema kwamba siri yake naitunza, ila maisha yake yakiwa hatarini lazima nimshirikishe mtu mzima. Anaishi geto, nyumbani ni mbali, mama yuko shamba la viazi, chakula kinaletwa kikipatikana, usiku halali. Nikamuuliza waziwazi kama anawaza kufa, kwa sababu kuuliza hakumpandikizii mtu wazo, kunampa mlango. Akasema hapana, ila amechoka. Tulikaa muda mrefu, sikuangalia saa. Nilimpa namba 116, simu kwa mtoto, bure, na tukakubaliana mwalimu wa malezi ajue, mama aitwe, halafu aonwe kituo cha afya.

Nimerudi giza limeingia, miguu imeganda, nimekula ndizi na maharage huku naandika fomu ya rufaa. Mama yake nimempata kwenye simu ya jirani, anakuja Ijumaa. Jina la utovu wa nidhamu mwalimu amekubali kulifuta. Kipindi cha saa 3 bado sijarudishiwa. Mnaofanya kazi hii Iringa na Njombe, nyie madarasa ya mtihani mnayapataje? Mwalimu wa taaluma mnaongea naye vipi mpaka anaelewa?