Pumzi Nne Juu ya Maji

Leo nimeelea. Ni pumzi nne tu, nilizihesabu, lakini mwalimu alikuwa ameshatoa kiganja chake mgongoni mwangu nami sikujua.

Majuma matatu haya nimekuwa nikipigana na maji. Nikilala chali, miguu inaanza kushuka, kiuno kinafuata, nami nanyanyua kichwa nione kulikoni. Hapo ndipo nazama kabisa. Mfa maji haachi kutapatapa, na mimi nimetapatapa mahali ambapo maji yananifika kiunoni, penye kusimamika. Hofu haipimi kina.

Leo mwalimu alinisimamisha kwanza. "Dada, kichwa ni mzigo wa kilo tano hivi. Kikiwa majini, maji yanakubebea. Ukikitoa nje, unakibeba mwenyewe, na kiuno ndicho kinacholipa." Siku zote nilidhani kuuweka uso mbali na maji ndiyo usalama wangu.

Basi nikalaza kisogo. Kitu nilichokichukia zaidi ni maji kuingia masikioni, na leo niliyaacha yaingie. Kelele zote za bwawani zikakatika. Nikabaki na sauti ya pumzi yangu, nzito na ya karibu mno. Ukingo wa maji ulizunguka uso wangu kuanzia kwenye paji, ukapita mashavuni hadi chini ya kidevu. Nikivuta pumzi, kifua kinapanda na ukingo unashuka kuelekea masikioni. Nikiitoa, maji yananirudia mashavuni, yanakaribia pembe za mdomo. Mara mbili za kwanza moyo ulinilipuka. Mara ya tatu nilijua yatafika wapi na yatasimama wapi.

Mwili wa mtu na maji yasiyo na chumvi vinakaribiana sana kwa uzito, ujazo ukiwa sawa, kwa hiyo hewa iliyomo kifuani ndiyo inayoamua. Mapafu yakijaa, wengi wetu tunaelea. Yakiishiwa hewa, wengi tunashuka. Nimeacha kutoa pumzi yote. Natoa kidogo, navuta upesi, naishikilia kidogo.

Miguu bado. Yenyewe ni mifupa na misuli, hewa yote iko juu, ndiyo maana inavutwa chini. Nilipoinyoosha mikono majini nyuma ya kichwa, miguu ilipanda kiasi, kama mizani iliyoongezewa jiwe upande wa pili. Mwalimu anasema wapo ambao miguu yao haipandi kamwe, wanaelea nusu wima, na huko nako ni kuelea. Maneno hayo yamenituliza kuliko yote aliyonifundisha.

Nilipogundua kwamba mkono wa mwalimu haupo mgongoni, nilijikunja na nyayo zikagonga sakafu. "Tena," akasema. Nikalala tena.

Kesho kutwa tunafanya kuinuka kutoka chali bila papara: magoti yaje kifuani, viganja visukume maji, kichwa kifuate mwisho.