Kidaftari cha Wachelewaji

Mwanangu karudi Jumatatu na beji ya ukiranja kifuani, hata usiku hataki kuivua. Hakuomba hela ya maandazi. "Baba, naomba uninunulie kile kidaftari kidogo, cha kuandika wachelewaji."

Na mimi nilikuwa nacho, mwaka 2004, kidato cha pili. Kengele ikigonga nipo getini, kalamu sikioni, najiona mtu. Yule jamaa tulikuwa tunakaa dawati moja. Mama yake alikuwa mama ntilie, na kabla ya shule lazima mapipa ya mama yajae maji. Asubuhi ile alikuja mbio, shati limelowa bega moja tu, la upande anaobebea dumu. Akanitazama. Hakusema neno; alinyanyua nyusi kidogo, kama mtu anayeazima rula. Nyuma yangu mwalimu wa zamu akakohoa. Nikaandika. Namba kumi na nne.

Waraka wa elimu wa 2002 ulishasema viboko visizidi vinne, tena viandikwe kitabuni. Mimi nilihesabu tisa. Cha tatu kilitua kwenye bega lililolowa, kikalia tofauti, kama kanga mbichi ikipigwa juu ya jiwe, na paredi nzima ikaangua kicheko. Hakulia. Macho yake yalikuwa kwenye kidaftari changu. Siku ile hakuna kitabu kingine kilichoandikwa.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Akichelewa, haji kabisa: viboko ni vilevile, ila vya kesho. Stendi ya Ubungo walimpokea bila kumuuliza saa. Akapiga debe, akabeba mizigo, kisha mizigo mingine ikawa haiwafikii wenyewe. Jina likafutwa kwenye rejista kwa utoro. Mara ya mwisho nilisikia yuko gereza la Segerea, kesi ya simu ya mtu.

Mama watoto anasema najitwika yasiyo yangu. Wangapi walichapwa na leo ni mameneja wa benki? Sibishi, hata mimi nilichapwa. Ila mimi sikuandikwa na mtu niliyekuwa nagawana naye kiazi saa nne.

Leo Alhamisi, mtoto kaniuliza tena. Nimemwambia duka la Mangi limefungwa. Mangi hafungi kabla ya saa nne usiku, na mtoto analijua hilo kuliko mimi.